Ndiyo ya Muhamadi

Tangu kupooza kulipomwangusha Muhamadi juu ya cherehani yake, kinywa chake kilibakiwa na neno moja tu: ndiyo. Unataka chai? Ndiyo. Imepoa? Ndiyo. Mvua inanyesha? Ndiyo, na jua limewaka mtaa mzima wa Mbugangari. Majirani walicheka mpaka wakachoka, kisha wakamwita mwendawazimu.

Nyirasafari, mkewe, hakucheka. Yeye ndiye aliyeshinda naye, akaona mambo. Akimwonyesha mkasi na kumuuliza kitu hicho kinaitwaje, Muhamadi alitoa macho, jasho likamtoka, midomo ikahangaika bure. Lakini akimwambia, "Baba Salima, nipe mkasi," mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye mkasi, si kwenye pasi. Kitambaa akikishika tu alikijua, hiki cha kaptula za makarani wa Wabelgiji, hiki cha kanzu, na alikikata bila kukiharibu. Basi vitu vyote vilikuwamo kichwani, kila kimoja mahali pake, kama bidhaa dukani. Kilichopotea ni njia ya kuvileta mdomoni. Kwa hiyo Nyirasafari alizungumza na wateja, Muhamadi akashona, na nyumba ikala.

Jambo la ajabu zaidi lilikuwa sura ya Fatiha. Ukimwanzishia tu, Muhamadi aliisoma yote mpaka Amina, bila kukosa hata herufi. Yale aliyoyakariri utotoni yalitoka yenyewe, bila kumwomba ruhusa.

Hapo ndipo Dauda, mdogo wake, alipopata upenyo. Dauda alikuwa fundi asiye na cherehani, na jicho lake halikubanduka kwenye ile ya kaka yake tangu siku alipoanguka. Ijumaa moja baada ya sala alikuja na mwalimu wa msikiti na wazee wawili. Akamwanzishia kaka yake Fatiha. Maskini Muhamadi aliisoma kwa furaha, maana ilikuwa nafasi yake pekee ya kujisikia anaongea kama watu.

"Mumesikia?" Dauda akasema. "Mutu anasoma Fatiha yote, ule iko na akili yake. Sasa kaka, hii cherehani umenipatia mimi?"

"Ndiyo," akasema Muhamadi, huku anatikisa kichwa kukataa, na mkono wake umeing'ang'ania cherehani. Wazee walisikiliza mdomo. Mkono hakuna aliyeutazama.

Damu ilimchemka Nyirasafari. "Mwalimu, ile ndiyo haina maana. Ni neno moja tu lilibakia. Angalia." Akamgeukia mumewe. Alijua anachotaka kukifanya, na alikifanya. "Baba Salima, we ni mbwa?"

"Ndiyo."

"Uliiba pesa ya musikiti?"

"Ndiyo."

Mzee mmoja akaangua kicheko. Uso wa Muhamadi ulijikunja kama wa mtoto aliyepigwa mbele ya wenzake. Alikuwa amesikia vizuri, mbwa ni nini anajua, na kinywa chake mwenyewe kimekubali.

Mwalimu akashusha pumzi. "Mama Salima, umesema kweli. Huyu akili imeisha. Ile zawadi haifai."

Nyirasafari akataka kumshukuru Mungu, lakini mwalimu hakuwa amemaliza.

"Donc, basi, kama mutu hana akili, mali yake inachungwa na ndugu yake. Dauda, utaichunga wewe."

"Akili iko nayo!" Nyirasafari akapiga kelele. "Ni maneno tu yalipotea! Maneno tu!"

"Si we mwenyewe umetuonyesha, shemeji?" Dauda akasema kwa upole wa kinafiki, huku anambandua kaka yake vidole kwenye cherehani, kimoja baada ya kingine.

Wakaondoka nayo mchana kweupe, watu wakiangalia. Wazee waliwapa pole, kana kwamba pole inajaza sufuria.

Jioni Nyirasafari alimletea mumewe ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. "Mi nilitaka kukuokoa," akamwambia. Muhamadi akaisukuma sahani, akageukia ukutani. Hakuwa mwendawazimu hata chembe. Ya Dauda labda angeyasahau, maana Dauda alikuwa mwizi na wezi ndivyo walivyo. Ya mkewe aliyaelewa neno kwa neno, na tangu siku ile hakula tena kutoka mkononi mwake.