Mgeni Asiyebisha Hodi

Kitendawili! Mgeni wangu habishi hodi wala hakai barazani. Hupita moja kwa moja mpaka kifuani, akala pumzi za mwenyeji. Umeshindwa? Mji wako leo siutaki. Kaa usikilize.

Bibi Kulthum wa Malindi alimtegea mjukuu wake Hafswa kitendawili hicho siku ya Jumatatu, wamekaa kwenye benchi la zahanati wakingoja kuitwa. Hafswa alikuwa na miaka kumi na sita, na mbio zake zilikuwa za kusifiwa, lakini siku hiyo hata pumzi ya kufikiri hakuwa nayo.

"Nimeshindwa, bibi. Nakupa mji. Nakupa Kilifi."

"Kilifi siichukui. Utaihitaji mwenyewe Jumamosi."

Jumamosi hiyo ndiyo wakimbiaji wangechaguliwa huko Kilifi, na Hafswa alikuwa akiihesabia siku tangu mwaka jana.

Muuguzi Easter alimsikiliza kifua, mbele na nyuma. "Kinapiga mluzi," akasema. "Unajua, bibi, wewe ukikaa barazani unavuta hewa kidogo kidogo, kwa pua. Huyu akikimbia anainywa kwa kinywa wazi, mara nyingi kukushinda, na inafika ndani kabisa. Moshi ulio kijiko kwako, kwake ni sufuria nzima. Hafswa, moshi unaupata wapi?"

Hafswa akafungua kinywa. Akamtazama bibi yake. Akakifunga.

"Kwa Lewis!" Bibi Kulthum akadakia. "Kila alfajiri anachoma taka kando ya uwanja anapokimbilia mtoto huyu. Plastiki, nepi, magurudumu, hachagui!"

Easter bado alimtazama Hafswa, lakini msichana alikuwa akihesabu vigae vya sakafuni. Muuguzi akampa pampu ya kuvuta dawa, akawaambia warudi Ijumaa. Kifua kisipotulia, mbio hakuna.

Bibi Kulthum hakupita nyumbani. Alikwenda na buibui lake likipepea mpaka kwenye jaa, akamkuta Lewis ameshika kiberiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, lakini kiberiti hicho tia mfukoni. Wanichomea mjukuu."

"Sasa bibi, nisipozichoma zitakwenda wapi hizi? Zitapanda basi?"

"Zipande! Nikizikuta kituoni nitazipungia mkono. Mimi nataka wiki moja tu, Lewis. Mpaka akimbie."

Lewis akacheka, akakuna kichwa, akakubali. Na kweli, ahadi ni deni, wiki ile hakuwasha hata karatasi. Uwanja ulitakata.

Hapo Bibi Kulthum akabaki na adui mmoja tu, jicho la husuda. Tangu Hafswa aliposhinda mbio za shule, na wanawake arusini wakaisifu miguu yake bila hata mmoja kusema mashallah, mwanamke huyu hakulala kwa amani. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alifunga mlango na dirisha la chumba, akatia makaa kwenye chetezo, juu yake ubani, chumvi ya mawe na pilipili kavu saba. Akamketisha Hafswa, akamfunika shuka gubigubi pamoja na chetezo. Mtoto alikohoa mpaka machozi yakamtiririka.

"Kohoa, mwanangu, kohoa! Ndilo hilo linatoka!"

Kisha Hafswa alivaa viatu, akatoka kwenda kukimbia.

Jumatano alisimama mzunguko wa pili, akashika ukuta wa nyumba ya jirani. Bibi Kulthum aliposikia, akaongeza pilipili mbili.

Ijumaa mluzi ulikuwa pale pale. Easter akavua mpira wa kusikilizia masikioni. "Lewis amechoma?"

"Wallahi hajachoma."

"Basi uko moshi mwingine. Hafswa, nakuuliza tena, na leo bibi asikujibie. Moshi unaupata wapi?"

Pumzi za Hafswa zilisikika kama mlango unaotaka mafuta. Alikuwa ameikazia macho mikono ya bibi yake, ile iliyomlea tangu alipoachishwa ziwa.

"Sijui," akasema.

Mtoto yule hakuwa na desturi ya uongo. Bibi Kulthum akaitazama mikono yake. Ilinukia ubani, na kwenye kidole gumba kulibaki weusi wa makaa ya asubuhi. Akakumbuka kikohozi cha chini ya shuka, na yeye amesimama pembeni akikishangilia.

"Hafswa," Easter akasema taratibu, "kesho siwezi kukuacha ukimbie hivi. Niambie tu."

"Usimuulize tena, mwanangu." Bibi Kulthum aliificha mikono yake ndani ya buibui. "Ananistahi. Mgeni wa kitendawili changu ni moshi, na mtoto huyu anaupata chumbani kwangu, kwenye chetezo changu. Ninamfunika nao mimi mwenyewe."