Kazi ya Wasiojua Kusoma

Nchi yetu ni ndogo. Ukipiga chafya huku, mtu wa mpakani anakuambia afya. Lakini ndani ya udogo huo tumebanana watu wa mlimani, watu wa bondeni, watu wa madukani na watu wa meli, yaani wale ambao babu zao waliletwa na meli, na meli ikaondoka bila wao. Tunapendana sana. Tunapendana kwa amri. Kila ofisi ina bango ukutani: HAPA KWETU HAPAJAWAHI KUTOKEA KITU.

Sasa mwaka huu wizara ikachapisha kitabu kipya cha historia cha shule, nakala elfu arobaini, na sijui nani alisinzia, ukurasa wa mia na kumi na mbili ukapita ukiwa na kile kitu ambacho hakijawahi kutokea. Kuvichoma vitabu vyote kulionekana ni kujitangaza. Ikaamuliwa karatasi hiyo ikatwe kwa wembe, kimya kimya, kitabu kimoja kimoja. Upande wake wa pili ulieleza jinsi bunge lilivyoanzishwa, kwa hiyo bunge nalo likaenda na maji. Hakuna mbunge aliyelalamika.

Aliyepewa kazi hiyo ni ofisa wa usalama tunayemwita Bwana Shwari, kwa sababu hata nyumba ikiwaka moto yeye atakwambia hali ni shwari. Kwanza akaamua wakataji wawe ishirini na wanne, sita kutoka kila jamii, ili baadaye jamii moja isije ikasema imekatwa na wenzake. Halafu akakuna kichwa, akaona hatari: mkataji si atausoma? Basi akatangaza kwamba wanatafutwa watu wasiojua kusoma. Tangazo lenyewe akaliandika na kulibandika ukutani. Kesho yake foleni ilizunguka kiwanda cha uchapaji mara mbili.

Jamani, njaa haina aibu. Kwenye foleni nilimwona mwalimu aliyenifundisha a-e-i-o-u, amekodoa macho, hajui hata jina lake linaanza na nini. Nilimwamkia, akaitikia akiangalia viatu vyake. Na mimi nilikuwa na viatu vyangu vya kuangalia, maana nilikuwa msahihishaji wa gazeti kwa miaka tisa kabla gazeti halijafungwa. Lakini mimi sikwenda pale kwa ajili ya njaa peke yake.

Mama yangu anaumwa moyo. Daktari ameshasema tumpe anachotaka, na daktari akisema hivyo ujue ameshanawa mikono. Anachotaka mama ni kimoja tu, kuuona tena uso wa mumewe. Baba alikuwa karani wa posta. Mwaka ule wa vurugu, miaka thelathini na minane iliyopita, mimi nina miaka mitano, alitoka nyumbani asubuhi asirudi, na picha zake zote ziliungua. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyepanga kurasa za kile kitabu, akaninong'oneza kwamba kwenye ukurasa huo kuna picha, na ndani ya picha yumo karani wa posta. Nilipomuuliza anafanya nini humo, shemeji akakumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Ukimtoa mama mwenyewe, niliyemwambia siri hiyo ni mmoja, jirani yangu Binti Saa. Yeye ni wa madukani, mimi ni wa bondeni, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba kiasi kwamba akikohoa namwambia pole. Jina hilo alilipata kwa baba yake, aliyekuwa fundi saa, ingawa mwenyewe hajawahi kufika popote kwa wakati. Baba yake naye alipotea mwaka uleule. Hilo ndilo lililotuunganisha tangu alipohamia, miaka kumi na tisa sasa, tumekuwa yatima wawili wa kitu ambacho hakijawahi kutokea. Ndugu wa damu ninao, lakini nikiumwa usiku ukuta ninaougonga ni wa kwake. Nilipomweleza habari ya picha hakuuliza mara mbili.

"Shoga, tutaitoa," akasema. "Hata kama ni kuimeza."

Mtihani wa kuajiriwa ulikuwa wa hali ya juu. Kwenye mlango wa kiwanda palibandikwa maandishi: USIPITE HAPA, PITA NYUMA. Aliyepita nyuma alirudishwa kwao. Sisi tukapita palepale, na Binti Saa akaligonga bango kwa paji la uso makusudi ili kukoleza. Hata wapekuzi wa langoni walipatikana kwa mtihani huohuo, kwa kuwa nao wangeweza kuugusa ukurasa. Bwana Shwari alijisifu mbele ya wakubwa wake kwamba jengo zima halina jicho hata moja linalosoma.

Tukakalishwa kwenye meza ndefu, kila mtu na rula yake ya chuma na wembe wake. Amri ilikuwa fupi: fungua palipowekwa uzi, kata, usiangalie. Tukafungua. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Watu ishirini na wanne wasiojua kusoma walitulia dakika nzima, macho yanakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, yakishuka mstari kwa mstari. Bwana Shwari akauliza kuna nini. Mwalimu wangu akamjibu kwa heshima kwamba tunatafuta ukingo wa karatasi.

Na mimi nikaiona picha. Kuna lori limejaa watu. Nyuma yake amesimama kijana wa shati jeupe, anacheka, ana pengo kwenye meno ya mbele, na pengo hilo ninalo mimi. Kwa mkono mmoja ameshika karatasi. Mkono wa pili ameuweka begani kwa mtu mfupi mwenye miwani, ambaye mguu wake mmoja uko chini na mwingine umeshapanda lori. Chini ya picha pameandikwa: "Karani wa posta, aliyeandaa orodha ya mtaa wake, akimpandisha fundi saa. Waliochukuliwa siku hiyo hawakuonekana tena."

Niliyasoma mara tatu, mimi msahihishaji, nikitafuta kosa la chapa. Hapakuwa na kosa. Karani wa posta anajua kila mtu anakaa wapi, nyumba ya ngapi, mlango wa rangi gani. Katika umri wangu wote sikuwahi kulifikiria hilo. Kwa hiyo baba hakupotea, baba alikimbia.

Binti Saa alikaa kulia kwangu. Sikuthubutu kugeuza shingo. Nilisikia wembe wake ukipita kwenye rula, taratibu, bila kusita, na nikajidanganya kwamba huenda hakuangalia, ametii amri. Binti Saa huyo, ambaye hajawahi kutii hata taa za barabarani!

Kazi ilichukua siku nane. Ingekuwa saba, lakini siku ya tatu mtu mmoja wa meli aliharisha, na hakuna aliyeruhusiwa kushika wembe mpaka apatikane mwingine wa meli, kwa hiyo tulikaa nusu siku mikono kifuani tukilinda uwiano wa taifa. Kila mmoja wetu alikata nakala elfu moja mia sita na ushei. Pigeni hesabu nilimkata baba yangu mara ngapi. Jioni tulirudi pamoja kwa miguu, mimi na Binti Saa, tukizungumzia paa lake linalovuja. Siku nane nzima paa linavuja, na mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Nyumbani mama ananiuliza bado? Namwambia bado. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba sitaitoa. Nitasema shemeji alikosea, picha ni ya karani mwingine. Mzee wa watu, kitandani, nimletee lori la nini? Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Ukweli wenyewe ni kwamba nilimwogopa Binti Saa kuliko Bwana Shwari. Bwana Shwari angenifunga tu, nikatoka. Binti Saa akiniondokea, sina wa kumgongea ukuta.

Siku ya mwisho tukajipanga kutoka. Upekuzi pale ulikuwa wa haki tupu: wa mlimani alipekuliwa na wa bondeni, wa bondeni na wa meli, ili pasiwe na upendeleo. Binti Saa alikuwa mbele yangu. Mpekuzi akafungua pochi yake, akatoa karatasi iliyokunjwa, imezungushwa kwenye kipande cha mkate.

"Hii ni nini?" mpekuzi akauliza.

"Karatasi ya kufungia mkate."

"Imeandikwa nini?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Si ndiyo maana nimeajiriwa. Hebu nisomee wewe."

Mpekuzi akaitazama ile karatasi. Jasho likamtoka. Walikuwa wameambiwa watafute ukurasa wa mia na kumi na mbili, basi. Kwamba una picha hawakuambiwa, maana hiyo nayo ilikuwa siri, na kipembe chenye namba Binti Saa alikuwa ameshakikata. Ili amkamate, ilibidi kwanza akiri kwamba anajua kusoma, na kwake ana watoto wanne. Alikuwa anasoma, Mungu wangu, niliona midomo yake ikicheza. Akaufunga mkate upya, vizuri kabisa kama muuza duka, akamrudishia.

"Mimi nami nitajuaje," akasema. "Pita, mama."

Baadaye tulikuja kujua kwamba kwa mlango huohuo zilitoka karatasi zaidi ya mia tatu. Zamani kitabu cha historia hakuna mtoto aliyekifikisha ukurasa wa sitini. Sasa ukurasa mmoja ule ulisomwa na nchi nzima, mpaka na wazee wasioona walisomewa. Bwana Shwari alipandishwa cheo kwa kufanikisha zoezi.

Tulifika kwangu saa kumi jioni. Binti Saa hakupita kwake, aliingia moja kwa moja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akakunjua karatasi juu ya mapaja na kukung'uta makombo. Kisha akatoa mkasi.

"Nilitaka kumkata wako nikupe, wangu nibaki naye," akasema. "Mama apate picha ya mumewe anacheka, yaishe. Nimepima kila upande. Ni ule mkono, shoga. Nikimtoa baba yako, mkono wake unabaki kwa baba yangu."

Nikaupima ule mkono na mimi kwa kidole, kila upande.

"Unajua kusoma?" akaniuliza.

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, na nilimwelewa. Ningesema sijui, tungecheka kidogo, tungerudi kwenye paa lake, tungeishi hivyo mpaka mmoja amzike mwenzake. Nchi nzima inaishi hivyo na haijafa. Niliutamani mlango ule jinsi nisivyowahi kutamani kitu.

"Najua," nikasema.

"Basi nisomee. Mimi nimejaribu, mdomo unakataa."

Nikasoma. Sauti ilitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza anayefuata kwa kidole. Nilipomaliza nikaongeza ambayo hayakuandikwa: kwamba karani huyu ni baba yangu, kwamba sikuwa najua, kwamba tangu siku ya kwanza pale mezani nilijua na nikanyamaza kwa kuogopa kumkosa yeye. Binti Saa alisikiliza akiwa ameinamia ule mkasi, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Sauti, mwanangu," mama akaita kutoka chumbani. Masikio yake yameshachoka. "Sisikii."

Nikamtazama Binti Saa. Akaniashiria kwa kichwa nisome. Nikasoma tena, safari hii kwa sauti ya kusikika barabarani, asikie wa mlimani, asikie wa meli, asikie na Bwana Shwari kama anapita: karani wa posta, aliyeandaa orodha ya mtaa wake, akimpandisha fundi saa. Redio ya nyumba ya pili ikazimwa.

Binti Saa akaweka mkasi chini, akainuka, akaingia kwa mama na ile karatasi nzima. Mimi nikaishia mlangoni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshikia ile karatasi.

"Huyu ni mumeo, mama," akasema. "Na huyu ni baba yangu."

Mama alimtazama mumewe kidogo tu. Kwa fundi saa macho yake yalikaa muda mrefu.

"Namjua," akasema. "Na wewe nilikujua siku ileile uliyohamia hapa. Kila ulipoingia nilisema moyoni leo nitakuambia nani alimchukua baba yako."

Binti Saa aliendelea kuishika ile karatasi mbele ya macho ya mama, na hakuishusha.