Kuaga Mara Nne

Watu wa filamu walifika Ruhuwiko na magari mawili, na majirani wa Beata wakaacha kazi zao kabisa. Walikuwa wakitengeneza mfululizo wa mikasa ya kweli ambayo polisi hawajaipatia jibu. Sehemu ya tatu ilimhusu Leodegari, mume wa Beata, aliyetoka asubuhi moja kwa baiskeli kwenda shambani Mpitimbi asionekane tena. Baiskeli ilikutwa imeegemezwa mtini, nzima. Sasa ni mwaka wa kumi na moja.

Mwongozaji, Nasrin, alikuwa binti wa Dar es Salaam mwenye adabu zake. Kila akiingia, shikamoo. Alimleta mwigizaji kutoka Tunduru, Hassani, mrefu kama Leodegari, wakamvalisha koti aliloliacha Leodegari.

"Mama, wewe chambua maharage kama siku ile. Yeye ataaga mlangoni, aondoke. Wewe kimya, kama ulivyotueleza."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Siku ile Beata alinuna kwa sababu Leodegari alimgawia dada yake mbegu ya mahindi bila kumwuliza. Mbegu tu, jamani! Mume akaaga, mke akatazama ungo. Hilo ndilo lililomla moyo miaka yote, kuliko hata fumbo la baiskeli.

Hassani akasimama mlangoni. "Mama Mariana, mimi nakwenda."

"Haya, baba. Nenda salama, uwahi kurudi."

"Kata!" Nasrin alisema kwa upole. "Mama, siku ile hukumjibu."

"Najua, mwanangu. Turudie."

Wakarudia, Beata akajibu. Wakarudia tena, akajibu na kuongeza kwamba mbegu si kitu. Mpiga picha akashusha pumzi. Hassani, masikini, machozi yalimlengalenga.

Nasrin akachuchumaa kando ya ungo. "Mama, sisi tunaonyesha kweli tu. Tukiacha hivi tutakuwa tumedanganya."

"Basi andikeni kweli chini ya picha. Andikeni mkewe alinuna, hakumjibu. Sikatai." Beata alifuta mikono kwenye khanga. "Lakini polisi hawajui alipo, ninyi hamjui, na mimi sijui. Kama yuko mahali penye televisheni, ataniona. Naomba anisikie nikimjibu."

Nasrin aliinuka, akamwashiria mpiga picha aendelee.

Hassani akarudi mlangoni mara ya nne. "Mama Mariana, mimi nakwenda."

Beata akaweka ungo chini. "Ngoja nikusindikize, Baba Mariana," alisema, akatoka naye hadi barabarani.