Damu Inayosikika Kitangari

Asubuhi saa tatu Bertila alikuwa amelala ubavu kwenye benchi la zahanati ya Kitangari, tabibu Edmund akimkata kipande cha ini. Ilikuwa mara ya tano. Kila msimu wa korosho mjomba wake Selestini alikunywa uraka, pombe kali ya mabibo, mpaka ini likaoza, na kila msimu mpwa alimpa jingine. Mume wa Bertila hakuwa na mamlaka ya kukataza, kwa kuwa kwa mila yao mpwa ni wa mjomba.

Edmund, mtu wa Njombe, alipenda kueleza. Ini likikatwa, alisema, damu iliyokuwa ikipita kwenye ini zima hulazimika kupita yote kwenye kipande kilichobaki, na msukumo huo ndio unaoliamsha likue. Mara nne za kwanza damu ya Bertila ilisukuma kwa kishindo hata majirani wakadhani maji yamefunguliwa bombani, wakaja na ndoo. Wakigundua ni yeye, walimpa pole na kurudi makwao. Siku ya saba ini lilikuwa zima.

Mara hii damu ilinyamaza. Mjomba akaagiza mpwa wake ashuke bondeni kuteka maji mara mbili kwa siku, damu ichangamke. Mzee yule hakuwa na haya hata kidogo. Bertila alishuka, akapanda na ndoo kichwani, kidonda kikivuja, na ubavu ukabaki kimya.

Siku ya nane majirani wakaja na ndoo. Bertila akajishika ubavu, hakusikia kitu. Mlio ulitoka kwa binti yake Dina, aliyekuwa akibangua korosho uani. Kwa mama njia ya damu ilikuwa imeziba, na damu ya ukoo ilikuwa imehamia kwenye kipande kilichobaki, Dina.

Bertila aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kisu. Akawaambia majirani bomba limepasuka huko juu, kisha akatoa kinu na kuanza kutwanga kwa nguvu zote, ili mlio wa Dina usimfikie mjomba.

Alasiri Selestini akaja kuulizia hali.

"Shikamoo, mjomba," alisema Bertila bila kuacha mchi.

"Marahaba. Mama Dina, mbona unatwanga kinu kitupu?"

"Damu ichangamke, mjomba. Si ndivyo ulivyoagiza?"

"Vizuri," alisema Selestini. Akavuta kigoda, akaketi karibu na Dina, akasubiri mikono ya mama yake ichoke.