Maua Juu ya Namba

Filbert Komba alikuwa dereva wa shirika moja la umma, na kama madereva wote wa mjini, gari alilopewa kuendesha aliliita "gari langu." Gari langu halijui pancha. Gari langu halipendi vumbi. Neno hilo halikumdhuru mtu mpaka siku alipolitamka sebuleni kwa Mama Josepha, huko Mchafukoge, alikokwenda kumsalimia Klara, binti aliyetaka kumuoa.

Mama Josepha, mama mkubwa aliyemlea Klara, alitua kikombe chake. "Kumbe una gari, baba?"

Hapo Filbert angeweza kusahihisha. Alikunywa chai.

Basi posa ilipokubaliwa iletwe Jumapili saa tisa alasiri, Mama Josepha aliongeza kwa upole: "Na mjomba wako asihangaike na ule mguu. Si gari lipo?"

Gari lilikuwepo, Pijo jeupe, limelala uani kwa Filbert pale Keko likisubiri kupelekwa gereji Jumatatu. Na mguu wa Mjomba Onesphory, mshenga wake, ulikuwa umevimba kama boga, hauwezi kufika hata kituo cha basi. Lakini siku hizo Jumapili ikishafika saa nane mchana, gari lisilo na kibali lilikuwa haliruhusiwi kutembea, kwa kubana mafuta. Gari la shirika ndiyo kabisa. Askari angesoma kile kibao cha namba tu, na Filbert angekuwa hana kazi. Zaidi ya hapo, Mama Josepha alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Namba za mashirika alizijua kama anavyojua watoto wa mtaani kwake. Akiisoma ile, Filbert angekuwa hana mchumba pia.

Matope ya kuipaka namba angeyatoa wapi, kiangazi kile? Akafikiri, akafikiri, kisha akachukua panga akakata makuti mabichi na maua mekundu ya uani, akayafunga mbele na nyuma mpaka namba ikazama. Gari la harusi nani atalisimamisha?

"Mjomba, unaonaje?"

"Naona kama nimo ndani ya kichaka," alisema Mjomba Onesphory kutoka kiti cha nyuma, kofia mapajani. "Twende."

Pale Gerezani askari aliwapigia saluti. Filbert akaanza kupiga mluzi.

Alichosahau ni Kariakoo. Mchele wakati huo ulikuwa wa kupanga foleni, na watu walikuwa hawajanusa pilau tangu sijui lini. Unapitishaje gari la maua mbele ya watu kama hao? Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Bi Mboni, muuza vitumbua, aliyekuwa barazani kwake. Akajifunga khanga kiunoni, akashika njia. Wenzake wakamfuata, mmoja akigonga debe.

"Harusi ya nani hii?" Bi Mboni aliuliza dirishani, akienda sambamba na gari.

"Ya huyu," alisema Mjomba, akimnyooshea Filbert kidole.

"Mbona bibi harusi simwoni?"

"Tunamfuata."

Jibu hilo likawazidishia mbio. "Kaza mwendo, tuwaache," Mjomba alinong'ona.

"Bwana harusi gani anawakimbia waalikwa, mjomba? Na askari yule pale."

Wakafika Mchafukoge na mtaa mzima nyuma yao. Hodi ya mshenga, ambayo hupigwa taratibu kwa adabu, ilimezwa na debe. Mama Josepha alikuwa ameshatoka mlangoni, na Klara kando yake.

Mjomba alishuka, akaegemea mlango wa gari, akaanza maneno aliyokuwa akiyakariri wiki nzima. "Mama, tulikuwa tunapita, tukaona katika nyumba hii kuna ua..."

"Maua naona mmeshachuma ya Dar es Salaam nzima, mzee wangu," alisema Mama Josepha. "Hilo moja la nini tena?"

Wanawake wakaangua kicheko. Bi Mboni akauliza pilau linapikiwa uani au nyumba ya pili.

"Nami mjumbe nauliza hivyo hivyo. Kuna harusi kwenye nyumba zangu kumi, na mimi sina habari?"

Klara alitembea mpaka mbele ya gari, akachomoa ua moja akajichomeka nyweleni. Akachomoa la pili akampa Bi Mboni. La tatu lilikuwa limeshikilia fundo. Makuti yote yakaporomoka, na namba ya shirika ikakaa peupe mbele ya kadamnasi.

Debe likanyamaza.

Mama Josepha aliinama, akaisoma, akainuka. "Mjumbe kasahau miwani ndani," alisema. "Hajaona kitu. Ila mama wa binti anaona vizuri sana. Hili ndilo gari lako, baba?"

Filbert alitazama viatu vyake. "Ninaloendesha, mama. Madereva wote tunasema hivyo."

"Na wenye mashirika nao husemaje?"

"Mama mkubwa, niachie mimi," alisema Klara. Akamgeukia Filbert, ua likiwa limeinama juu ya sikio. "Namba ya gari tumeshaisoma. Sasa wewe. Sema wewe nani, na hawa wasikie, maana umewaita mwenyewe."

Filbert aliwageukia wanawake. "Filbert Komba. Dereva wa kuajiriwa. Nakaa Keko, chumba kimoja. Gari si langu." Akaongeza, "Baiskeli ninayo, lakini haina tairi la nyuma."

"Hiyo nayo angeifunika maua," alisema Bi Mboni.

Klara alicheka mpaka akashika ubavu, akamtazama mama yake mkubwa. "Huyu namjua. Yule wa gari ndiye aliyekuwa ananitisha."

Mama Josepha alivuta pumzi. Akaagiza Pijo liingizwe uani na lisitoke mpaka asubuhi, Mjomba atandikiwe barazani, na Filbert arudi Keko kwa miguu. "Sasa karibu ndani, mzee," alimwambia Mjomba, akimpa mkono. "Lile ua lako, anza tena. Taratibu."

Bi Mboni na wenzake hawakuondoka. Walikaa chini pale pale mlangoni, wakimsikiliza Mjomba, na wakimsahihisha.