Kivuli cha Nyumba ya Feisal

Jumatatu moja, saa mbili kasoro asubuhi, Bi Hafidha alitoka uani na beseni la ukindu wa mikeka uliochemshwa, akatandika magunia kama alivyofanya tangu alipoolewa, akaanza kuanika. Chane zake nyembamba za zambarau alizipanga upande wa jikoni, nyeupe upande wa kisima. Alipofika katikati ya ua, mkono wake uliingia kivulini.

Akainua macho. Upande wa mashariki, kwenye kiwanja kitupu cha marehemu mzee Shuaibu, palikuwa bado na kiwanja kitupu: majani, vifuu vya nazi na mbuzi mmoja wa watu. Jua lilikuwa mahali pake. Kivuli hata hivyo kilikuwepo, kimenyooka kingo zake, kimelala kutoka ukutani mpaka kwenye mlango wa jiko. Hafidha aliingia ndani kuchukua miwani, akarudi kukitazama vizuri. Kilikuwa kivuli cha nyumba ya ghorofa. Juu yake kulikuwa na tangi la maji, na ubavuni roshani iliyozungushiwa vyuma. Aliyeichora hakuwa mchoyo wa madirisha, maana katikati ya kivuli vilibaki vipande sita vya jua, vinne vikubwa na viwili vidogo, ambavyo Hafidha alikadiria ni vya vyoo.

Alitoka kwenda kumuuliza Mina, jirani aliyeuza vitumbua ng'ambo ya njia. Mina alimwonyesha bango lililopigiliwa kwenye mnazi wa pembeni ya kiwanja. Liliwatangazia wakazi wa mtaa huo wa Dunda kwamba ndugu Feisal, aliyekinunua kiwanja hicho, ameomba kibali cha kujenga nyumba ya makazi, na mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja.

"Limewekwa jana alasiri," alisema Mina.

"Kivuli kimeshafika kwangu."

"Kimewahi," alisema Mina, akageuza kitumbua. "Kwa kawaida hungoja matofali."

Ua wa Hafidha ulipata jua kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, ukuta wa nyumba yake mwenyewe ulipolizuia. Jua hilo ndilo lililomlisha tangu mumewe alipofariki. Ukindu unaokaushwa kivulini huota ukungu, hugeuka rangi ya chai, na hata ukichemshwa mara tatu haushiki rangi. Bagamoyo nzima, ukiona mkeka mweupe hasa chini ya bibi harusi, ulikuwa huna haja ya kuuliza ni wa nani. Mwanawe, Salumu, alikuwa na banda la kuziba matairi Chalinze, na zaidi ya mara moja alimwambia mama akichoka ahamie kwake, chumba kipo, dirisha lake linatazama malori. Hafidha hakuwa amechoka. Alimpenda mwanawe na hakuipenda Chalinze, wala hakuona kwa nini mambo hayo mawili yachanganywe.

Kwa siku za mwanzo alianika ndani ya madirisha. Alijaza chane katika vipande vile sita vya jua, na kivuli kilipojikunja kurudi mashariki alivifuata, akisogeza magunia hatua kwa hatua mpaka saa sita. Kazi ya siku moja ikawa ya siku nne. Ukindu wa vyooni ulikauka vibaya, nusu nusu.

Jumamosi Feisal mwenyewe alifika na bakuli la halua. Alikuwa mtoto wa watu wa Pangani, anafanya kazi Dar es Salaam, kijana mpole asiyepita mbele ya mtu mzima bila kuinamisha kichwa. Hafidha angependa awe na kiburi kidogo, ingemrahisishia kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Nimekuja nikuoneshe mchoro wa nyumba, usije ukasikia kwa watu."

"Nimeshauona," alisema Hafidha, akamwonyesha chini.

Feisal aliitazama nyumba yake kwa muda. Aliipenda roshani. Alivua viatu, akapima sebule kwa hatua, akasema ni ndogo kuliko alivyodhani. Kisha Hafidha akamweleza habari ya ukindu, na Feisal akasikiliza mpaka mwisho, akasikitika kwa dhati, akasema kivuli kile si chake yeye bali ni cha mchoro, na mchoro uko ofisini. Jumanne iliyofuata, saa nne na robo, kivuli kilirefuka ghafla kikapanda ukuta wa jiko, na Hafidha akajua kwamba Feisal ameongeza ghorofa. Alhamisi vipande vyote vya jua vikawa vya buluu iliyofifia. Alikuwa amechagua vioo.

Sasa ukindu wote ukawa haufai, hata ule wa madirishani. Hafidha alikaa na kalamu na karatasi mezani, akaandika pingamizi kwa mwandiko aliofundishwa darasa la saba, mkubwa na ulionyooka. Aliandika kwamba yeye si mtu wa kumzuia mwenzake kujenga. Aliandika kwamba kivuli cha ndugu Feisal kimehamia uani kwake kabla ya ndugu Feisal, kwamba kazi yake ni ya jua, na kwamba anaiomba ofisi ya vibali iisogeze nyumba hatua kumi upande wa barabara, au iipunguze ghorofa, au imwonyeshe mahali pengine pa kuanika. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Mtoro, aliisoma barua mara mbili, akapiga muhuri, akasema ni pingamizi safi, hajaona jingine kama hilo, na kwamba watakuja kukagua.

Wakati huo joto lilikuwa limepanda. Kaskazi ilikuwa imegoma kuvuma na mtaa wa Hafidha haukuwa na mti wa maana. Kivuli kile kilikuwa kizito na cha baridi, chenye ubaridi wa saruji mpya, na habari zake zikaenea. Kwanza alikuja Mina kupumzika baada ya vitumbua. Wakafuata wanawake wawili na sinia za mchele wa kuchambua, kisha mwalimu wa madrasa na juzuu zake, kisha fundi cherehani na cherehani yake. Hafidha hakumwita yeyote. Lakini mtu akishaingia uani kwako humwachi asimame, na akishakaa humwachi akae chini patupu. Kila asubuhi alitandika mkeka katika sebule ya Feisal, mkeka wa pili kwenye chumba cha nyuma, na kuteleka birika la kahawa. Akishamaliza kuwahudumia wageni alikwenda kusimama pembeni, penye utepe wa jua uliobaki kati ya kivuli na ukuta, akazigeuza chane zake chache. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe aliificha kwa sababu wageni wasingejua waiweke wapi.

Siku ya kumi na tisa afisa alikuja. Jina lake Ishaka, mtu makini mwenye utepe wa kupimia na kofia, na aliandamana na Bwana Mtoro na msaidizi mmoja. Walikuwa wametembea kutoka kituo cha bodaboda na mashati yao yalikuwa yamelowa. Wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za familia na za mvua. Ishaka alikipima kivuli kwa urefu na upana, akahesabu madirisha, akaandika kwamba tangi la maji limepinda kidogo na mchoraji aambiwe.

"Sasa mama, athari ni hizi?" aliuliza.

"Ni hizi, baba."

Kisha akasimama pale, jua la saa nne likimchoma shingoni, kwa kuwa kupima kulikuwa kumemtoa nje ya ukingo. Hafidha aliona jasho likimtiririka. Alifanya jambo ambalo mama yake angelifanya, na bibi yake kabla ya mama. Alikwenda ndani akatoa mkeka wake bora, mweupe wenye pindo la zambarau, akautandika katikati ya kivuli, akasema karibuni mkae baba zangu, joto ni kali. Wakavua viatu wakakaa. Akawaletea kahawa na kashata. Ishaka alijinyoosha, akafumba macho, akasema hapa pana hewa nzuri. Hafidha, kwa adabu, akaitikia kwamba kweli ipo.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, kwenye karatasi yenye muhuri. Ofisi ilikiri kwamba kivuli kipo na vipimo vyake ni sahihi. Ilikiri pia kwamba ukindu hauwezi kukauka humo. Hata hivyo, ilisema aya ya nne, ukaguzi umebaini kwamba mlalamikaji anakitumia kivuli hicho kila siku kupokea wageni, na kwamba aliwakaribisha ndani yake maafisa waliotumwa kukikagua, akawatandikia na kuwakirimu, na mwenyewe akathibitisha kwa kauli yake kuwa pana hewa nzuri. Mtu hawezi kupinga anachokikaribishia watu. Pingamizi limetupwa. Kibali kimetolewa.

Hafidha alivaa baibui akaenda ofisini. Ishaka alisimama kumpokea, akampa kiti.

"Mwanangu, ningewaketisha juani?"

"Hata kidogo, mama."

"Ningewafukuza?"

"Nani angekufikiria hivyo?"

"Basi ningefanya nini?"

Ishaka aliwaza. Alikuwa mtu wa haki na swali lilimsumbua. Alifungua jalada, akaisoma tena aya ya nne, akalifunga.

"Ungetuingiza ndani," alisema.

"Ndani nimejaza ukindu. Hauna pa kukauka."

Ishaka alikubali kwamba hilo halimo kwenye ripoti. Aliongeza kwamba zile kashata zilikuwa nzuri sana na kwamba hakuziandika. Hafidha alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani aliumia moyo kuliko alivyoumia siku mumewe alipokufa, maana siku ile hakuna aliyemwambia kwamba ni adabu yake iliyomponza.

Feisal hakujenga. Mwezi uleule alihamishwa kikazi kwenda Mbeya, akampigia simu Hafidha kumuaga na kumwomba radhi, akasema nyumba itangoja. Kibali kilikuwa cha miaka kadhaa. Kiwanja kikabaki kitupu, kimefyekwa vizuri, bila hata jiwe la msingi, kikipigwa na jua tangu linapochomoza. Kivuli kikabaki uani kwa Hafidha, ghorofa zote, roshani na tangi lililopinda. Mwanafunzi mmoja wa madrasa alihitimisha juzuu ya thelathini kwenye chumba cha wageni, na watu wakala biriani humo.

Wateja walisubiri, kisha wakaacha kusubiri. Mkeka wa mwisho alioushona Hafidha ulikuwa na mabaka, na aliyeuchukua aliusifu sana, kwa huruma, jambo lililomkera kuliko kama angeukataa. Salumu alipiga simu kusema amepaka chumba rangi. Hafidha akamwambia atakwenda Jumapili, na kabla ya kukata simu akawaza kiwanja kile, jinsi kilivyo cheupe kwa jua saa tatu asubuhi. Akampigia Feisal.

"Mama, hilo ni la kuomba?" alisema Feisal kutoka Mbeya. "Anika utakavyo. Pale ni kwako."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Ila kitu kimoja, mama. Kibali kimeshatoka. Kwa karatasi, pale sasa ni nyumba ya watu, si kiwanja tena. Ofisi wameniandikia hivyo. Uwe unabisha hodi tu, kama nyumba yoyote."

Hafidha alisema hilo si neno, yeye hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila hodi.

Usiku ule alichemsha ukindu wote uliobaki, na asubuhi ya Jumamosi akaujaza kwenye beseni, akajitwisha, akazunguka kwa barabarani ili afike kwa mbele, mahali ambapo kwenye kivuli aliuona mlango. Kiwanja kilikuwa kikavu na chenye joto. Ardhi yake iling'aa. Chane zingekauka hapo kufikia adhuhuri. Hafidha alisimama ukingoni, akauweka sawa ushungi wake.

"Hodi."

Upepo ulipita kwenye majani. Akangoja kiasi cha mtu kuteremka ngazi.

"Hodi wenyewe."

Mina, ng'ambo ya njia, aliacha kuchota unga, akatazama. Maji ya ukindu yalikuwa yakimdondokea Hafidha mabegani na kukauka hapohapo. Alingoja tena, kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ghorofa zilikuwa nyingi.

"Hodi."

"Hawapo?" aliuliza Mina.

"Hawajaitika."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Mina aliitikia kwa kichwa, akarudia unga wake. Mara tatu zikishapita mtu haingii, hilo lilijulikana na kila mtu Dunda. Hafidha aligeuka na beseni lake, akarudi kwake, akaketi kivulini kufunga nguo za kwenda nazo Chalinze.