Cheti Kisichowaka

Mimi ni mkunga. Miaka ishirini na miwili nimepokea watoto wa watu, halafu leo eti nipange foleni niulizwe kama cheti changu ni cha kweli. Amri ilikuwa moja: asiyethibitishwa kabla ofisi haijafungwa saa tisa na nusu, kesho hana kazi.

Karani wa vyeti alikuwa na taa ya zambarau ndani ya kisanduku. Vyeti vya siku hizi vina nembo iliyochapwa kwa wino usioonekana. Ukiviweka chini ya taa ile, nembo inawaka kijani. Changu kilikaa kimya tu.

"Mama, hiki ni feki."

"Kaka, soma saini."

Akaisoma. Ilikuwa yake. "Ni yangu kweli," akasema, wala hakuona aibu. "Na mwandiko ni wangu. Enzi zile wino huo ulikuwa haujaja. Ila nimeagizwa nipitishe kinachowaka."

Nilimkodolea macho. Nilitamani kumzaba kibao, nakwambia.

Nyuma yangu alikuwepo fundi umeme. Cheti chake, kilichochapwa chote kwa mashine, alikisahau kwenye mfuko wa suruali, mkewe akakifua, kikatoka kimekunjamana kama kitambaa cha kufutia meza. Kilipowekwa chini ya taa kikawaka chote, buluu, kona hadi kona. Karani akaridhika, akagonga muhuri.

"Sabuni ya unga hiyo," fundi akaninong'oneza akitoka. "Ina dawa ya kung'arisha."

Saa tisa kasoro robo. Nikakimbilia dukani, nikanunua pakiti ndogo, nikajifungia kwenye choo cha ofisi hiyo hiyo, nikakiloweka cheti kwenye sinki. Kitu nilichokitunza kuliko picha za harusi yangu, leo nakifua kama soksi. Nikakianika juani kifudifudi, juu ya boneti ya gari la mkurugenzi.

Niliporudi nacho mbio bila hata kukigeuza, kiliwaka hadi karani akafumba jicho moja. Akagonga muhuri: HALISI. Nikashusha pumzi.

Kisha akakitoa kwenye taa ili anakili jina kwenye orodha. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Maandishi yake yote ya kalamu yalikuwa yameondoka na maji.

"Cheti ni halisi kabisa, mama," akasema. "Ila ni cha nani?"

"Changu. Umekiandika wewe mwenyewe."

Akatazama saa ya ukutani, akaniambia kwa upole nilete cheti kinachothibitisha hivyo.